Babu Hakukata Kituo

Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Aghalabu wosia huu hutolewa vijana wanapoonekana kupuuza mila na desturi. Yuko hata hivyo kijana mmoja, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, aliyekuja kuuelewa barabara akiwa ameketi mbele ya tarakilishi.

Kijana huyo alikuwa amerithi daftari la mashairi ya marehemu babu yake wa Mombasa. Mashairi yenyewe yalikuwa tarbia, kila mshororo ukiwa na mizani 16, yaani 8 katika ukwapi na 8 katika utao. Alikusudia kuyafanyia uchunguzi wa arudhi katika tasnifu yake. Kwa kuwa beti zilikuwa nyingi mno kuhesabiwa kwa vidole, aliyachapa mashairi yote, kisha akaamua kuandika programu ya kumhesabia. Lugha aliyoichagua ni OCaml.

OCaml ilitolewa mwaka 1996, wakati huo ikiitwa Objective Caml, na watafiti wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa. Imo katika ukoo wa ML, lugha iliyobuniwa na Robin Milner na wenzake mjini Edinburgh katika miaka ya 1970. Lugha za ukoo huu hujengwa juu ya fankisheni, yaani kanuni zinazopokea kitu na kurejesha jibu, mfano wa zile za hisabati. Fankisheni zinazohusiana huwekwa pamoja katika moduli. Mathalani, moduli iitwayo String hukusanya fankisheni za kushughulikia maandishi: ya kukata kipande, ya kutafuta herufi, na nyingine iitwayo length, ambayo huhesabu herufi. Ukiipa length neno “mtu”, itakujibu 3. Haijui kwamba neno hilo lina silabi 2, m na tu. Haikuundwa kwa ajili ya washairi.

Basi ilimbidi kijana aipanue moduli ile. Katika OCaml, moduli iliyokwisha kufungwa haifunguliwi ikatiwa kitu kipya. Linalofanyika ni kuunda moduli nyingine inayoanza kwa agizo “include String”, agizo ambalo huingiza yote yaliyomo katika ile ya awali, kisha mwandishi huongeza yake. Moduli hii mpya inaweza hata kupewa jina lilelile la String. Msimbo unaoandikwa chini yake utaiona hiyo mpya, ilhali ile ya kale itabaki ilivyokuwa, bila kupunguka wala kugeuka.

Hadi hapo kijana hakukosea. Kosa lake lilikuwa katika jina. Fankisheni yake ya kuhesabu mizani aliiita length, akidai kwamba urefu wa mshororo, kwa mshairi, ni mizani yake. Kwa hiyo jina la zamani likafunikwa na jipya. Kompaila ya OCaml, ambayo husifika kwa ukali wa kukagua aina za data, haikulalamika hata kidogo. Ingelalamikia nini? Fankisheni zote mbili hupokea maandishi na kurejesha namba kamili.

Programu ilipoendeshwa, ilitoa matokeo ya kustaajabisha. Katika kila ubeti, mishororo mitatu ya kwanza ilitimiza mizani 16, lakini kituo hakikufikia hata nusu yake. Kijana alifurahi kupita kiasi. Kwani shairi ambalo kituo chake ni kifupi kuliko mishororo mingine si msuko? Akaandika sura nzima ya tasnifu akieleza jinsi babu yake alivyokuwa bingwa wa msuko, na jinsi ufupi wa vituo vile ulivyoashiria ufupi wa maisha ya mwanadamu.

Likizo ilipofika alikwenda Mombasa, akamsomea nyanya yake sura hiyo. Ajuza alisikiliza kwa makini hadi mwisho. Kisha akafumba macho, akaghani ubeti mmoja kwa moyo, na alipofika kituoni akawa anahesabu kwa vidole. Vilitimia 16. Akaghani wa pili, navyo vikatimia.

“Mjukuu wangu,” akasema kwa upole, “babuyo hakukata kituo. Ni wewe uliyekikata.”

“Nisamehe, nyanya,” kijana akajibu, huku akilifunua daftari ambalo tangu alichape hakuwa amelitazama tena. Vituo vyote vilikuwa kamili.

Usiku ule hakulala. Aliipitia programu yake agizo baada ya agizo hadi akaona kilichotokea. Babu alikuwa akitia nukta mwishoni mwa kituo tu. Ili kina cha mwisho kionekane, programu iliagizwa iiondoe nukta hiyo kabla ya kuhesabu. Kuitambua nukta ilikuwa kazi ya ends_with, fankisheni ambayo waundaji wa OCaml wenyewe waliiongeza katika String kwa toleo la 4.13, mwaka 2021. Hiyo haikudanganyika, kwani fankisheni ya OCaml hushikamana na majina yaliyokuwapo ilipoandikwa. Ndani yake bado ilitumia length ya kale. Lakini agizo la kukata nukta aliliandika kijana mwenyewe, chini ya moduli yake mpya: chukua herufi zote isipokuwa ya mwisho. Idadi ya “zote” iliulizwa kwa length, na length mpya ikajibu 16. Zikachukuliwa herufi 15 katika kituo chenye herufi zaidi ya 30, nyingine zote zikatupwa.

Dawa ilikuwa ndogo. Alilifuta jina length katika moduli yake, akaiita fankisheni yake mizani, na agizo la kukata likarudi kutumia length ya kale. Vituo vikarejea ukamilifu wake. Palibakia maneno machache kama “mbuni”, ambalo kama ni mti wa kahawa lina silabi tatu, m-bu-ni, na kama ni ndege lina mbili, mbu-ni. Herufi peke yake haziwezi kuamua. Kwa hayo aliiagiza programu iweke alama tu, ili msomaji ajiamulie.

Wanafunzi wa Kiswahili wana mfano wa jambo hili karibu nao kila siku. Kitenzi pika hunyambuliwa kikatupa pikia, pikisha na pikiana, wala aliyezoea pika hapotezi chochote. Kadhalika kipanya cha tarakilishi kimeingia lugha bila kumfukuza panya ghalani. Kuongeza hakumdhuru mtu maadamu kila kipya kimepewa jina lake. Madhara huja pale kipya kinapoketi kimyakimya katika kiti cha cha kale, huku watu wakiendelea kukiita kwa jina walilolizoea.

Sura ya msuko ilifutwa yote. Katika ile iliyochukua nafasi yake, kijana alianza kwa kunukuu kituo kimoja cha babu yake, kikiwa kizima, kama nyanya alivyokighani.