Kumchagua Daktari

Kazi ya daktari ni amana. Mgonjwa humkabidhi mtu asiyemjua mwili wake, siri zake na, mara nyingine, mtoto wake, kwa tumaini kwamba aliyekabidhiwa anajua anachokifanya. Maadamu amana hii ni kubwa, kila taifa lina wajibu wa kuuliza swali moja kabla ya kuwafundisha vijana wake utabibu: ni nani anayestahili? Katika Kenya jibu limekuwa fupi kwa muda mrefu. Anayestahili ni yule aliyepata alama nyingi katika mtihani. Nataka tulitazame jibu hilo kwa insafu, kwa sababu lina haki nyingi ndani yake, na lina upungufu mmoja ambao watu wa kwetu huulipia kwa afya zao.

Kwetu ni Biliqo, katika Kaunti ya Isiolo, nchi kavu ya bonde la Mto Ewaso Ng'iro. Wakazi wake wengi ni Waborana, wafugaji wa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Njia ya kwenda Merti, au mbali zaidi mjini Isiolo iliko hospitali ya rufaa ya kaunti, ni njia ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Laga zikijaa, gari husimama upande mmoja na mgonjwa upande wa pili, na maji hupita katikati bila kumjali yeyote. Mtu wa mjini akisema kwamba daktari yuko mbali, yamkini ana maana ya safari ya matatu mbili. Sisi tukisema hivyo, tuna maana nyingine.

Nimefundisha kemia katika shule za sekondari za kaskazini kwa miaka mingi, na kila mwaka wapo wanafunzi walioniambia kwamba wanataka kuwa madaktari. Ilinipasa kuwaeleza hesabu ya jambo hilo, nami nitaieleza tena hapa. Tangu mwaka 1989 kidato cha nne hufanya mtihani wa taifa uitwao KCSE. Kila somo hupewa gredi, na kila gredi ina pointi zake, kuanzia 1 kwa gredi ya E hadi 12 kwa gredi ya A. Masomo saba hufanya pointi 84. Kwa ajili ya kozi ya chuo kikuu huangaliwa hasa masomo manne yanayohusiana nayo, na jumla yake ni pointi 48. Anayetaka kusoma udaktari hutakiwa kupata angalau B katika masomo hayo manne, miongoni mwao biolojia na kemia. Kisha KUCCPS, idara ya serikali iliyowekwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, huwapanga waombaji kwa alama zao kutoka juu kwenda chini, mpaka nafasi ziishe.

Wako watu wanaoulaumu mtihani kwa kila jambo. Mimi si mmoja wao. Mtihani una adabu ambayo wanadamu wengi hawana. Karatasi haina kabila, haina ukoo wala rafiki. Msahihishaji hauoni uso wa mtoto wala hajui kama baba yake ana magari au ana mbuzi watatu. Mtoto wa mchungaji hana mjomba ofisini wa kumsemea neno. Namba yake ya mtihani ndiyo mjomba wake. Lau tungeufuta mtihani tukasema kwamba madaktari wachaguliwe kwa kutazamwa tabia tu, si vigumu kujua ni watoto wa nani ambao tabia zao zingeonekana njema kwanza. Tena utabibu una hesabu ndani yake. Dawa ya mtoto hupimwa kwa kilo za mwili wake, na anayekosea nukta ya desimali aweza kuua. Haifai kumpa mtu kama huyo sindano kwa kumhurumia.

Basi upungufu uko wapi? Uko katika kudhani kwamba alama hupima kitu kimoja, ilhali hupima viwili kwa pamoja. Wapeleke vijana wawili wakateke maji. Mmoja apewe kisima ambacho maji yake yako karibu na mkono. Mwingine apewe kisima ambacho watu wanne hawana budi kusimama ndani yake, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo. Jioni ukimkuta wa kwanza ana ndoo kumi na wa pili ana ndoo saba, utasema kwamba wa kwanza ana maji mengi zaidi, na utakuwa umesema kweli. Ukisema kwamba wa kwanza ana nguvu zaidi, utakuwa umesema jambo usilolijua. Ndoo hupima maji. Haipimi kina cha kisima.

Kina cha kisima chetu kina historia. Chini ya serikali ya kikoloni kaskazini ilifungwa kwa sheria ya mwaka 1902, na mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila ruhusa. Baada ya uhuru kukaja vita vya miaka ya 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilidumu mpaka mwaka 1991. Katikati ya hayo, Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 uliamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe zaidi kwenye sehemu zenye ardhi nzuri na mvua, ambako zingezaa haraka. Shule nyingi na maabara nyingi zilijengwa huko. Sisemi haya ili kijana wa leo akae chini alie. Nasema kwa sababu matokeo yake yako darasani hadi leo.

Karatasi ya tatu ya kemia katika KCSE ni ya vitendo. Mwanafunzi hutakiwa kupima asidi kwa bureti, tone kwa tone, na kutambua mahali rangi inapogeuka. Katika shule moja niliyofundisha, darasa zima lilijifunza kazi hiyo kwa bureti chache zilizozunguka mkono kwa mkono. Wengi waliijua kwa kumtazama mwenzao. Katika shule nyingine za nchi hii kila mwanafunzi ana bureti yake tangu kidato cha kwanza. Siku ya mtihani wote huulizwa swali lile lile. Ongeza kwamba mtoto wa Biliqo huzungumza Kiborana nyumbani, hujifunza Kiswahili na Kiingereza shuleni, kisha huulizwa habari za figo kwa lugha yake ya tatu. Ongeza ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, na mifugo ikahamishwa mbali, na vijana pamoja nayo. Anayepata B baada ya hayo ameteka maji katika kisima kirefu.

Hapa napenda msomaji azingatie tofauti kati ya kizingiti na foleni. Kizingiti ni ile B katika masomo manne. Maana yake ni kwamba wenye ujuzi wa kazi hii walikaa wakaamua kuwa kijana mwenye B aweza kufundishika udaktari. B nne ni pointi 36 kati ya 48. Lakini nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Kwa hiyo anayechukuliwa katika vyuo vya umma aghalabu huwa amepita pointi 40, na mwenye 36 hurudi nyumbani. Hakurudi kwa kuwa hawezi. Amerudi kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Haya ni mambo mawili mbalimbali, nasi tumezoea kuyaita kwa jina moja: kushindwa.

Ushahidi kwamba ni mambo mawili tunao. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mlango wa wanafunzi wanaojilipia, na kozi ya udaktari ilikuwa miongoni mwa zile zilizofunguliwa. Kijana aliyefika kizingiti lakini akapitwa katika foleni aliweza kuingia, mradi mzazi wake alikuwa na fedha. Aliketi katika ukumbi ule ule, akafanya mitihani ile ile, na aliyefaulu akawa daktari kama wenzake. Sina lawama juu yao. Nauliza tu: ikiwa foleni yaweza kulegezwa kwa ajili ya mfuko wa mzazi, kwa nini isilegezwe kwa ajili ya kijiji kisicho na daktari?

Nilipokuwa nikimweleza mzee mmoja wa Biliqo habari hizi za pointi, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mwalimu, huyo aliyepata alama nyingi kuliko wote, atakuja huku lini?" Sikuwa na tarehe ya kumpa. Swali lake lina elimu kubwa. Sisi huuliza nani amepata nyingi. Yeye aliuliza zitamfikia nani.

Jambo hili limechunguzwa katika nchi nyingi. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya kupata wahudumu wa afya mashambani, na moja ya shauri zake za kwanza ni kuchukua wanafunzi waliotoka mashambani, kwa sababu hao ndio wenye uwezekano mkubwa wa kurudi na kukaa. Japani ilianzisha Chuo Kikuu cha Utabibu cha Jichi mwaka 1972 kwa nia hiyo hasa. Kila mkoa kati ya mikoa 47 ya nchi hiyo huwa na wanafunzi wake wachache humo. Hawalipi ada, mradi watumikie mikoa yao kwa muda wa miaka tisa hivi baada ya kuhitimu. Hao nao hufanya mtihani wa kuingia, wala hakuna anayewaita madaktari wa huruma.

Kurudi si faida pekee. Mtoto wa wafugaji huingia chuoni na elimu ambayo hakuna karatasi iliyomuuliza. Akiona mgonjwa mwenye homa baada ya mafuriko, atauliza kama mbuzi na kondoo wa boma lile wameharibu mimba kwa wingi, kwa kuwa hiyo ni dalili ya homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu katika kaskazini ya Kenya mwaka 1997 na tena mwaka 2006. Akiona homa isiyokwisha na maumivu ya viungo, atauliza habari za maziwa mabichi, maana ugonjwa wa brusela hupitia humo. Tena atauliza kwa lugha ambayo bibi kizee ataijibu bila mkalimani.

Najua swali litakalofuata: je, nawatakia watu wangu madaktari dhaifu? Hasha. Kizingiti kibaki palepale, wala kisishushwe hata nusu gredi. Chuoni wote wafanye mitihani mmoja, wote watumikie mwaka wa mazoezi hospitalini, wote wapewe leseni kwa kipimo kimoja. Milango ya kuingilia ikiwa miwili, mlango wa kutokea uwe mmoja. Ninachoomba ni kwamba miongoni mwa waliovuka kizingiti, sehemu ya nafasi igawanywe kwa kutazama kina cha kisima na ahadi ya kurudi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 56, imekwisha kuiagiza serikali ichukue hatua maalumu kwa jamii zilizoachwa nyuma; hili lingekuwa mojawapo.

Lakini kipimo hicho cha pili lazima kiwe wazi kama cha kwanza. Uganda iliweka nafasi za wilaya katika vyuo vikuu vya umma mwaka 2005, na moja ya lawama zilizosikika ni kwamba mtoto aliyesoma katika shule bora za Kampala aliweza kuingia kwa jina la wilaya ya babu yake. Hilo ni funzo. Asiulizwe kijana babu yake alizaliwa wapi. Iulizwe ni shule gani alikosomea tangu utotoni, na shule hiyo ilikuwa na nini. Majibu yake yameandikwa, na yeyote aweza kuyasoma. Tukiwaachia watu watano wakae chumbani wamkague kijana kwa macho, upendeleo tuliofukuza mlangoni utaingia dirishani.

Wakati wa kuyasema haya ni sasa. Mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023, na wanafunzi wale wanatarajiwa kuufunga mlango wa KCSE mwaka 2027. Mfumo mpya utakuja na vipimo vyake, na vipimo vipya vikikosewa mwanzoni huzeeka na kosa lake.

Nanyi wanafunzi mnaosoma maneno haya, someni kwa bidii. Hakuna neno langu hata moja linalowaruhusu kulala. Mwenye alama nyingi na ashukuru, na akumbuke kutazama kina cha kisima alichotekea. Mwenye chache kuliko alizotamani asikubali kuambiwa kwamba amepimwa akili yake yote. Na mmoja wenu akivaa koti jeupe siku moja, ajue kwamba wagonjwa hawatamwuliza alipata pointi ngapi. Watataka kujua kama yupo.