Folda za Mpwa Wangu, Faili la Dada Yangu

Wanafunzi wangu wa utawala wa umma huniuliza kila mwaka ni ofisi gani inayotunza kumbukumbu vizuri, wapate mahali pa kwenda kujifunza kwa vitendo. Mwaka huu niliwatajia kompyuta mpakato moja yenye kioo kilichopasuka pembeni, mali ya kijana anayefanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu huko Makongolosi, wilayani Chunya. Walicheka. Sikuwa nikitania.

Kijana huyo ni mpwa wangu. Zamu ikiisha, hucheza GTA San Andreas, mchezo uliotoka mwaka 2004 na kufika kwenye kompyuta mwaka 2005, ambao hata mashine dhaifu inaumudu. Lakini mitaa anayoizunguka si ya Kimarekani tena. Mna Coaster, mna bajaji, mna malori yenye maandishi ya Kiswahili nyuma. Vitu hivyo huitwa modi: nyongeza ambazo watu wa kawaida hutengeneza na kugawana bila malipo, kubadilisha magari, mavazi au sauti za mchezo.

Njia ya zamani ya kuingiza modi ilikuwa kufungua faili kuu la mchezo, liitwalo gta3.img, na kuweka gari jipya mahali pa lile la awali. La awali ndilo hilo limekwenda. Ikiingia modi moja mbovu, mchezo hauwaki, wala hujui mkosaji ni nani kati ya thelathini ulizopachika. Aliyekuwa hakuweka nakala hulazimika kupakua mchezo wote upya, na kwa mtu anayenunua bando kwa ujira wa karasha, gigabaiti kadhaa si jambo dogo.

Sasa hutumia programu iitwayo Mod Loader. Ndani ya folda ya mchezo kuna folda moja ya modi zote, na humo kila modi ina folda yake ndogo yenye jina linaloeleweka. Mchezo ukiwashwa, programu husoma folda hizo na kutumia kilichomo bila kubadilisha faili za asili. Ukilichoka basi, unaondoa folda ya basi, na gari la awali linarudi lenyewe. Modi mbili zikigombea kitu kimoja, unaandika kwenye faili la mipangilio ipi itangulie. Mchezo ukigoma, mpwa wangu huhamisha nusu ya folda, hujaribu, kisha hugawa tena kwa nusu ile sehemu yenye kasoro. Alikuwa nazo 32. Mara tano zilitosha kumpata mkosaji.

"Mjomba, cha asili hakiguswi," aliniambia, macho yakiwa kwenye kioo. "Ukishakigusa, utarudia wapi?"

Swali hilo limenikaa kwa sababu ya mama yake, dada yangu. Ana kiwanja alichokilipia zamani, kabla ya barabara ya lami kufika na kupandisha thamani ya ardhi. Alipotakiwa kuthibitisha umiliki, ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilimwambia faili halionekani. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, afisa yuko semina. Wakati huo mtu mwingine alikuwa ameshamwaga mawe ya msingi pale pale. Baada ya miezi mingi ikabainika kuwa kiwanja kimoja kilikuwa na mafaili matatu: moja la awali na mawili ya muda, yaliyofunguliwa kila mara lile la kwanza lilipokosekana. Risiti yake ilikuwa katika la tatu, bila namba ya folio. Daftari la mwendo wa faili halikuonyesha nani alilichukua lile la awali wala lini. Kiwanja kimesalimika, kwa kuwa dada alihifadhi nakala ya risiti ndani ya Biblia.

Hapa wasomaji wangu watumishi wa umma watanijibu kwamba sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ni ya mwaka 2002, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakitambua hata kijiji kuwa na masijala yake ya ardhi. Watajibu pia kwamba tunahamia ofisi mtandao. Naunga mkono, ila mafaili matatu ya kiwanja kimoja yakipigwa skana yatakuwa mafaili matatu ya kidijitali, na mgogoro utasafiri kwa kasi zaidi.

Wala kuongeza ngazi si dawa. Katika mchezo wa The Sims 4, modi za kawaida husomwa hadi folda tano kwenda chini, lakini zile zenye programu ndani yake husomwa folda moja tu. Ukizizamisha zaidi, mchezo hufanya kama hazipo. Nilipoelezwa hilo nilihesabu kwa vidole: mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji. Wanaharakati wanaofuatilia malalamiko ya wachimbaji wadogo wanajua barua huacha kusomwa kwenye ngazi gani.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba kazi hii anaiweza. Tukafungua pamoja tangazo la ajira za watunza kumbukumbu. Linataka stashahada ya fani hiyo. Yeye ana cheti cha kidato cha nne. Kozi hiyo inatolewa na Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho kina kampasi Mbeya mjini. Aliandika kiasi cha ada kwenye simu, akakihifadhi katika folda aliyoipa jina "Chuo", kisha akafunga kompyuta akawahi zamu ya usiku.