Daftari la Msimamizi

Mwanangu,

Kikao cha ukoo kilikupendekeza, Mahakama ya Mwanzo imekuteua, na mirathi ya marehemu kaka yangu sasa iko mikononi mwako. Kabla hujagusa kitu, sikia yaliyompata mtu mmoja wa kijiji cha jirani.

Huyo naye aliteuliwa baada ya baba yake kufariki. Marehemu aliacha shamba la kahawa na nyumba ya vyumba sita mjini, vyumba vyote vikiwa na wapangaji. Kila mwezi msimamizi huyo alikusanya kodi. Paa lilipovuja alinunua mabati kwa fedha zake, akamlipa fundi, risiti akaisahau kwenye mfuko wa shati, shati likafuliwa. Miaka mitatu ikapita. Dada zake walipouliza kodi iko wapi, akafoka kwamba mahakama imemteua yeye, si wao. Wakaacha kusalimiana. Mbele ya hakimu alidaiwa hesabu, akatoa vikaratasi vitano. Uteuzi ukatenguliwa, akaamriwa kurejesha fedha. Tuliomjua tunaamini hakula hata nusu yake. Hakuandika tu.

Sheria inamtaka msimamizi awasilishe orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5, ndani ya miezi 4 tangu kuteuliwa, labda mahakama imwongezee muda. Baada ya hapo anapeleka hesabu kwa Fomu Na. 6, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kuwapa wanaostahili. Akiitumia mali visivyo, hasara ni yake kulipa. Awe mtoto wa kwanza au wa mwisho, usimamizi haumwongezei fungu.

Halafu dada zako. Wapo wazee watakaokunong'oneza kwamba ardhi ya ukoo haiendi kwa mtoto wa kike. Mimi ni mmoja wa wazee hao kwa umri, na nakwambia usiwasikilize. Mwaka 1988 mwanamke wa Kihaya aliuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Mwanamume wa ukoo wake akalidai kwa kanuni za urithi za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, na Mahakama ya Mwanzo ikabatilisha mauzo. Mama yule hakunyamaza. Mahakama ya Wilaya ikampa haki, shauri likafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kumzuia mwanamke kuuza ardhi wakati mwanamume anaruhusiwa ni ubaguzi unaokatazwa na Katiba. Na kumbuka shauri la yule wa kijiji cha jirani lilivyoanza: ndugu walikuwa wameacha kuulizana nyumbani.

Jumamosi nakuja. Nunua daftari kubwa, na waite dada zako wote wawepo. Kila fedha iliyoingia na iliyotoka tutaiandika mbele yao, nao watasaini pembeni. Tutaanza na yule ndama aliyeuzwa wiki ya msiba. Wadogo zako wawili wameshaniuliza fedha zake zilikwenda wapi.

Baba yako mdogo