Kamera Iwe ya Mwisho

Kijana akipata wazo la kutengeneza filamu, swali la kwanza linalomtoka mdomoni huwa ni lile lile: "Ninunue kamera gani?" Nimelisikia Kayanga, nimelisikia Omurushaka, na jamaa waliokwenda Dar es Salaam wananiambia huko nako ni hilo hilo. Hakuna anayeuliza atasimulia nini, wala mwanga ataupata wapi. Kamera kwanza, mengine Mungu anajua.

Mimi si mpiga picha. Nilimaliza kidato cha nne, sikuendelea, na tangu hapo naandika riwaya kwenye kaunta buku hapa hapa Nyakahanga, baina ya kupalilia migomba na kuchuma kahawa. Riwaya bado haijaisha. Lakini mwaka jana washikaji wangu wawili walinijia wakitaka hadithi ya filamu fupi. Kwa kuwa ndani ya riwaya yangu mna mjane anayenyang'anywa kibanja na mashemeji zake, nikawakatia kipande hicho. Ndivyo nilivyojikuta kwenye mambo ya lenzi, mambo ambayo sikuyatafuta.

Pesa ilitoka kwa mama. Ilikuwa pesa ya kahawa ya msimu mzima, laki nane na ushee. Mdogo wangu alikuwa anaitegemea hiyo hiyo kwa ada ya chuo cha ufundi. Mama akamwambia avumilie kidogo, kisha akanigeukia mimi: "Mwanangu, kahawa haiivi kila mwezi. Usije ukaniambia nisubiri msimu mwingine." Basi. Hakuongeza neno, na mimi usiku ule usingizi haukuja upesi.

Kijiweni tukagawanyika. Mshikaji mmoja alitaka kamera mpya, na kamera hiyo peke yake, bila hata lenzi, ingemeza pesa yote. Mwingine alitaka tukodi kila kitu. Tulipochoka kubishana tukaenda kwa bwana mmoja anayepiga picha za harusi wilayani kwetu miaka nenda rudi. Hapa nitamwita Fundi. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Simu mnazo?" Tukasema tunazo. "Basi kamera mnayo. Sasa tuzungumze."

Hakuwa anatania. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa filamu iitwayo Tangerine, ambayo ilipigwa kwa simu za iPhone 5s zilizofungwa kilenzi cha nje cha kupanua picha. Na hapa jirani, Wakaliga, Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, akitumia kompyuta alizoziunganisha mwenyewe kwa vipuri vya zamani. Filamu hiyo imetazamwa hadi Ulaya na Marekani. Waliocheka na kushangilia hawakuanza kwa kuuliza jina la kamera.

Hata hivyo Fundi hakutuambia kamera hazina tofauti. Alituambia thamani yake ilipo. Mwaka 2008 Canon walipotoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha za mgando iliyoweza kurekodi video safi na kubadilishwa lenzi, vijana wengi duniani walipata mlango ambao zamani ulikuwa wa wenye makampuni. Leo kamera za ukoo ule zinauzwa mitumba. "Kamera inazeeka," alisema Fundi, "lenzi nzuri unaihamisha kutoka kamera hii hadi nyingine. Ukiwa na pesa kidogo, iweke kwenye kioo, kwenye mwanga na kwenye sauti. Kamera iwe ya mwisho."

Akatukodisha kamera yake ya zamani kwa bei ya kindugu. Ndipo shule ikaanza.

Kwanza lenzi. Vijana wengi husifiwa lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, kwa kuwa ni rahisi na inaona gizani. Kweli ni nzuri. Lakini kamera nyingi za bei nafuu zina kihisi kidogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35. Kwa Canon ndogo unazidisha mara 1.6, kwa hiyo ile 50 inatazama kama 80. Nje ni bomba. Ndani ya chumba cha kwetu, chenye kitanda, meza na gunia la maharage, mgongo wako utagonga ukuta kabla hujaona zaidi ya uso wa mtu. Kwa vyumba vidogo tafuta 24, ambayo hapo inatazama kama 38.

Lenzi za zamani nazo zisidharauliwe. Ile ya Kirusi, Helios 44-2 ya milimita 58, hufungwa kwenye Canon za EOS kwa pete nyembamba ya bei ndogo, na inaona mpaka milimani. Lakini jihadhari na lenzi za Canon za aina ya FD. Jina ni lile lile, ila zikifungwa kwenye EOS kwa pete isiyo na kioo ndani, kila kilicho mbali huwa ukungu. Wengi wamelizwa na hilo jina.

Halafu ile f/1.8 yenyewe. Mgongo wa picha unayeyuka vizuri, watu wanasema "sinema hiyo!" Lakini mwigizaji wetu si mtu wa kufundishwa kusimama juu ya alama ya chaki. Akiegemea mbele kidogo tu, macho yanatoka kwenye fokasi. Fundi akasema funga hadi f/4, upate nafasi ya kupumua.

Pili mwendo wa shata. Umeme wa kwetu hupiga mapigo 50 kwa sekunde. Ukirekodi picha 25 kwa sekunde, weka shata 1/50, na taa za tyubu zitatulia. Ukiiga video za Wamarekani, picha 30 na shata 1/60, usishangae michirizi ikianza kutembea ukutani. Ila juani shata hiyo ina gharama yake: saa sita mchana, hata kwa ISO 100, utalazimika kuliziba tundu la lenzi mpaka f/22. Ukitaka kulifungua, vaa kioo cheusi cha ND mbele ya lenzi, kama mtu anavyovaa miwani ya jua.

Tatu mwanga wenyewe, na hapa ndipo ushauri wa kuiga ng'ambo unapotuangusha. Karagwe hatujafika hata digrii mbili kusini ya ikweta. Saa sita jua liko utosini, na macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Fanya kazi saa moja hadi saa tatu asubuhi, kisha saa kumi mpaka jua lizame, na uwe mwepesi maana magharibi ya kwetu haingoji mtu. Kivuli cha migomba nacho kina ujanja wake. Mwanga unaopenya kwenye majani unashuka ukiwa wa kijani, na uso wa mwigizaji unakuwa kama wa mgonjwa. Msogeze ukingoni mwa kibanja, halafu shika shuka jeupe upande wa jua limrudishie mwanga.

Na ngozi zetu je? Kipimo cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta wa chokaa, kamera itaona weupe, itapunguza mwanga, na uso utazama. Haya hayakuanza jana. Enzi za filamu za mkanda, Kodak waligawa kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, maarufu kama kadi za Shirley, na rangi zikasawazishwa kwa ngozi yake. Fundi alisema jambo moja: "Pima mwanga wa uso. Mbingu ikiungua, iache iungue. Hakuna aliyekuja kutazama mbingu."

Nne sauti. Mtazamaji atavumilia picha yenye chenga, lakini maneno asiyoyasikia hatayavumilia. Maiki ndogo ya kubana kwenye nguo, ikafichwa chini ya kanga na kuchomekwa kwenye simu iliyo mfukoni, inashinda maiki ya kamera iliyo hatua tano mbali. Piga kofi moja mbele ya kamera kila mnapoanza, ili baadaye picha na sauti vikutane. Mvua ikianza kupiga bati, pumzikeni mle mahindi.

Tano utunzaji. Vumbi letu jekundu ni adui, kwa hiyo ukibadilisha lenzi zima kamera, igeuzie mdomo chini, na uwe ndani ya nyumba. Ukungu wa asubuhi nao huleta kuvu inayoota ndani ya kioo kama utando wa buibui. Weka lenzi kwenye kopo la plastiki linaloziba sawasawa, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyopatikana kwenye maboksi ya viatu. Siku ya jua, itoe ipate mwanga.

Sasa nikueleze siku iliyonifanya niandike makala hii. Mjane wa filamu yetu aliigizwa na mama yangu mdogo, ambaye ni mjane kweli, na shauri la kibanja chake analijua kuliko mimi niliyeliandika. Alikubali kwa sharti kwamba tusimpake poda. Siku ya kwanza washikaji walipanga kumpiga kwa ile 50 kutoka nje, kupitia dirishani, akiwa amekaa kitandani na karatasi za marehemu mkononi. Katika kioo cha kamera ilionekana safi sana. Mama mdogo akatugeukia.

"Mbona mnanichungulia?" akasema. "Hivyo ndivyo walivyokuwa wakinichungulia shemeji zangu. Ingieni ndani, wanangu."

Tukaingia. Ndani ile 50 haikufaa, tukafunga 24. Lenzi pana ina tabia hiyo: ukitaka uso wa mtu ujae, sharti usogee wewe, mpaka akusikie ukipumua. Fundi alipiga goti karibu na magoti yake, mimi nikachuchumaa nyuma na shuka. Maneno niliyomwandikia yalikuwa marefu, ya uchungu, yenye machozi. Hakuyasema. Alikunja zile karatasi mara mbili, akaziweka chini ya godoro, akasema polepole, "Wakija waambieni nimekwenda shamba." Kisha akanyamaza. Kamera ikaendelea kuzunguka na hakuna aliyesema "kata".

Usiku ule nilifungua kaunta buku nikaisoma ile sura ya mjane. Kurasa tisa, na zote nimesimama dirishani! Namweleza alivyolia, alivyovaa, mawingu yalivyokuwa, lakini chumbani sijaingia. Niliziandika upya, zikatoka kurasa tatu. Karatasi ziko chini ya godoro.

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya wapiga picha kubishania milimita usiku kucha. Wanabishania wasimame wapi mbele ya mtu: mbali wamwone na mazingira yake, mbali kabisa wamchungulie, au karibu wabebe sehemu ya aibu yake. Mwandishi naye anachagua hivyo kila ukurasa, ila sisi hatuna namba ya kusoma kwenye pete. Riwaya ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na mwaka 2021 Amil Shivji aliipeleka kwenye filamu iliyoonyeshwa Toronto. Soma kitabu, kisha tazama filamu, ujiulize kila mmoja amesimama wapi. Ni darasa lisilo na ada.

Hesabu ya pesa ya mama nayo naitoa hadharani. Tulinunua lenzi ya 24 ya mtumba, maiki mbili za nguo, memori kadi mbili, na shuka. Tukalipa kukodi kamera na chakula cha siku nane. Zikabaki laki tatu na nusu, nikazirudisha mkononi mwa mama, naye akazikabidhi kwa mdogo wangu pale pale. Ameanza chuo. Ada ya muhula wa pili haijapatikana, na filamu nayo imebaki vipande vinne kuisha. Sijui kipi kitatangulia.

Vijana wenzangu mnaoandika na mnaotaka kushuti, simnyimi mtu kamera. Mwenye nazo anunue. Wewe usiye nazo, nenda leo kwenye chumba cha huyo mtu unayetaka kumsimulia. Kaa naye. Angalia dirisha liko upande gani na jua linaingia saa ngapi. Hesabu hatua kutoka kitandani hadi mlangoni. Sikiliza bati. Ukishayajua hayo, mpiga picha yeyote utakayemfuata atakuambia lenzi ya kuazima, na kama ni mtu mwema, atakuja nayo mwenyewe.