Kiungo Kilichoyeyuka

Watu wengi hudhani kuwa umeme huunguza gari kwa sababu moja tu, nayo ni kuwa mwingi kupita kiasi. Dhana hiyo haikosi ukweli, na ndiyo iliyowafanya wataalamu wabuni fyuzi: kiwaya chembamba kinachokubali kufa ili waya nyingine ziishi. Lakini katika magari makuukuu, kama yale yaliyojaa mitaa yetu ya Eastlands tangu Makadara hadi Umoja, aghalabu mambo huwa kinyume. Umeme ni ule ule wa siku zote, fyuzi ni nzima, na hata hivyo plastiki huyeyuka nyuma ya dashibodi kama mshumaa. Jambo hili lilinifika mimi mwenyewe, nami napenda kulieleza kwa wanafunzi, maana hesabu yake haishindi uwezo wao.

Gari langu lina umri wa zaidi ya miaka 30. Lilikuwa pekee lililolingana na mshahara wa mwalimu siku nilipolinunua, na sijaona haya kulipanda. Nakaa Jericho, na katika safu yetu ya nyumba gari hilo huwa langu mchana tu. Ikipita saa nne ya usiku huwa la majirani. Limekwisha kuwapeleka akina mama wawili katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, na mmoja wao alitutia hofu kubwa kabla hatujaimaliza Barabara ya Jogoo. Mwezi ninaousimulia, jirani wa mlango wa tatu alikuwa amebakiza wiki chache, na mumewe alikwisha kuniambia, "Mwalimu, tunakutegemea wewe." Wakati huo huo taa kubwa za mbele zikaanza kufifia.

Kwanza zilikuwa nyekundu kama makaa yanayokufa. Kisha ikaja harufu kali ndani ya gari, mithili ya samaki aliyelala. Mwishowe taa zote mbili zilizimika ghafla usiku, zikawaka tena gurudumu lilipoingia shimoni. Ni vigumu kumweleza asiyeendesha gari jinsi giza la namna hiyo lilivyo refu, ingawa halikuzidi pumzi mbili. Mbele yangu kulikuwa na watu wakivuka barabara.

Fundi wa kwanza, wa kando ya njia, alinishauri niondoe fyuzi ya ampea 15 niweke ya ampea 30. Nilimshukuru nikaenda zangu. Fyuzi ile haikuwa imekatika hata mara moja. Kuiongezea nguvu kulikuwa ni kumlevya bawabu kwa kosa la mwizi ambaye hakupita mlangoni pake.

Nikaenda Kariobangi, katika eneo la viwanda vidogo, kwa fundi mmoja wa makamo ya juu ambaye kila mtu humwita Mzee. Nilichukua pamoja nami kipimo cha umeme cha shuleni. Mzee alikitazama kwa adabu, asiseme neno.

"Washa taa, Mwalimu," aliniambia, "kisha tukae kimya dakika kumi."

Dakika zilipokwisha aliingiza mkono chini ya dashibodi, akawa anapapasa waya moja baada ya moja kama daktari atafutaye mahali penye jipu. "Hapa," alisema, akauondoa mkono upesi. Alivuta plagi ya swichi ya taa. Ilikuwa nyeupe zamani. Sasa upande mmoja ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, na tundu moja lilikuwa limepindika. Waya ulioingia hapo ulikuwa mgumu kama kijiti kikavu, na ala yake ilivunjika kwa kuguswa.

Sasa ikawa zamu ya kipimo. Hatukuichomoa plagi, wala hatukuzima taa, kwa kuwa kiungo kibaya hakisemi uovu wake mpaka umeme upite ndani yake. Nilishikiza ncha moja ya kipimo upande huu wa kiungo na ncha ya pili upande wa pili. Kiungo kizima hakipotezi hata sehemu ya kumi ya volti. Hiki kilipoteza volti 1.8.

Hapo ndipo penye somo. Taa mbili za wati 55 huvuta kadiri ya ampea 9. Georg Ohm, aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827, naye pia alikuwa mwalimu wa shule, anatufundisha kugawanya volti kwa ampea: ukinzani wa kiungo ulikuwa omu 0.2. James Joule wa Uingereza alionyesha mwaka 1841 kuwa joto hukua kwa mraba wa mkondo. Basi zidisha 9 kwa 9, kisha kwa 0.2, upate wati 16 na kidogo. Si nyingi, lakini pasi ndogo ya kulehemu waya za redio huweza kutumia wati 15 tu, nayo huyeyusha risasi. Pasi kama hiyo ilikuwa imewashwa ndani ya plastiki, mahali pasipozidi punje ya hindi, kila usiku niliosafiri.

Kwa nini kiungo kilifika hapo? Kila bati la shaba ndani ya plagi hulibana jingine kwa nguvu ya mkunjo wake. Mashimo ya barabara hulitikisa, vumbi na unyevu wa masika hulitia kutu, mgusano hupungua, joto huzaliwa. Joto nalo huulegeza mkunjo, na mkunjo ukilegea joto huzidi. Ni deni linalojizalia riba.

Mzee alitaka tumalize hapo. Niliomba ruhusa nipime pia upande wa kurudia umeme, pale waya mweusi unapofungwa kwa boliti kwenye mwili wa gari. Kipimo kikasema volti 0.6. Mkono wa Mzee haukuhisi kitu, maana bati pana la gari lilikuwa likilitawanya joto. Alicheka, akachukua msasa. Jumla ya volti 2.4 zilikuwa zikipotea njiani katika 14 zilizotoka kwenye betri, na mwanga hupungua upesi kuliko volti: ukipoteza moja ya sita, karibu nusu ya mwanga imekwenda.

Tulifungua waya wa hasi wa betri kwanza. Mzee alikata waya ulioungua, akaendelea kukata mpaka shaba ikang'aa, kwani shaba iliyopikwa ikawa nyeusi haishiki risasi wala haibaniki vema. Alikataa kuisafisha plagi ya zamani. Mkunjo uliokufa haufufuki kwa msasa. Aliweka viungo vipya pande zote mbili, dume na jike. Kisha akatia rilei karibu na betri, yenye fyuzi yake, ili swichi ipitishe mkondo mdogo wa kuamuru tu, usiofika hata robo ya ampea, na ule mkubwa uende moja kwa moja kwenye taa. Tulipima tena: volti 0.05. Mzee aliomba kipimo akijaribu mwenyewe, mara tatu.

Mtoto wa jirani alizaliwa siku ya Jumanne adhuhuri, na mama yake alikwenda Pumwani kwa matatu.

Plagi iliyoyeyuka nilimwomba Mzee, nayo iko juu ya meza yangu darasani. Huwapa wanafunzi zile tarakimu mbili, 1.8 na 9, nikawaacha watafute wati wenyewe. Muhula uliopita msichana mmoja wa kidato cha pili aliinusa kabla hajashika kalamu, akauliza kama mwalimu alikuwa amesahau samaki mezani.