Gololi za Udongo

Gololi za dukani zilileta ugomvi chuoni petu: mwenye senti alicheza, asiye nazo alitazama. Basi tukajifunza, sisi na watoto, kuzifanya kwa udongo wa mfinyanzi. Twaukanda hata usibaki na changarawe wala hewa, twaviringa vidonge viganjani, kisha twavianika kivulini siku kadhaa. Kwani juani upande wa nje hukauka kabla ya ndani, vikapasuka. Kuchoma ni kazi yetu wakubwa. Moto huanza mdogo, maana unyevu uliosalia hugeuka mvuke ukazivunja gololi. Sasa wote wacheza. Sharti ni moja: mchezo ukiisha, kila mtoto arudishiwe zake, kwani kuchukua za aliyeshindwa ni kamari.