Kizuri Chajiuza? Muulize Mama Mboga

Nimepotea kidogo, mniwie radhi. Leo nina ungamo.

Mimi ni mtu mkimya. Kazi yangu ni kuandika programu, na kompyuta haijawahi kuniuliza mbona siongei. Mwaka jana nilimaliza kijitabu cha kufundisha Python kwa Kiswahili, nikachapisha nakala 100 huko River Road. Nikazibeba hadi nyumbani, nikazisukuma chini ya kitanda. Marafiki wanne nikawapa. Kisha nikangoja.

Nilijiliwaza na ile methali ya kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama ni kizuri, watu watakitafuta wenyewe. Sasa jamani, watakitafuta wapi, chini ya kitanda changu?

Aliyeniamsha ni binamu yangu. Alikuja kulala kwangu akiwa amekata tamaa na somo la programu huko chuoni, anataka kubadilisha kozi. Kitabu chao, alisema, Kiingereza chake ni kigumu kuliko somo lenyewe. Nikamsikiliza, nikanyamaza. Asubuhi, akitafuta kiatu, akaliona boksi. "Hiki uliandika lini, na mbona hukuniambia?"

Sikuwa na jibu. Woga wangu nilikuwa nimeupa jina zuri la unyenyekevu, na nusura umgharimu mtoto wa watu masomo yake.

Nikamkumbuka Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake Caitaani Mũtharaba-inĩ aliiandika kwa Kikuyu kwenye karatasi za choo akiwa kizuizini Kamiti. Ilipotoka mwaka wa 1980, watu walisomeana kwa sauti majumbani na kwenye baa. Hata kazi kubwa namna ile ilihitaji mdomo wa kuipitisha.

Basi nikaanza, lakini sikugeuka makanga. Kila Jumatatu namwandikia mwalimu mmoja, mmoja tu. Sijisifu. Namweleza tatizo ambalo kijitabu kinasaidia kutatua, namtumia sura moja asome bure.

Mmoja akanialika darasani kwake. Magoti yalitetemeka, sauti ikakwama. Nikawageukia ubao, nikaandika programu fupi ya chenji ya matatu: abiria ametoa shilingi 200, nauli ni 70, anadai ngapi? Wakacheka, kwa sababu kila mmoja ana chenji yake iliyopotelea kwa makanga. Maswali yakaanza, nikasahau kwamba naogopa. Siku hiyo niliuza nakala 11.

Mama mboga wa mtaani kwetu hapigi kelele kwamba nyanya zake zinashinda za dunia nzima. Anazipanga mezani kando ya njia, anakutajia bei. Hajitembezi, lakini pia hazifichi.

Binamu yangu yuko sura ya tano, na tayari amenionyesha makosa matatu.

Na wewe je, una nini chini ya kitanda?